Kanisa la "Kirumi" au la "Kiromaneski"?

SWALI: Naandaa maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu Kanisa Kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza. Nimeandika: "Hili ni kanisa la Kirumi lililojengwa mwaka 1093, lenye kuba ya mawe." Mwenzangu anayakataa maneno "Kirumi" na "kuba". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi kwa yote mawili, na mimi ninaongeza la tatu.

"Kirumi" tayari lina kazi zake. Sheria za Kirumi na namba za Kirumi ni za Warumi wa kale. Kanisa la Kirumi ni Katoliki. Utawala wa Warumi Uingereza ulikoma mwanzoni mwa karne ya 5, kwa hiyo Durham si lao. Na ingawa waliolijenga walikuwa chini ya Papa, leo ni kanisa la Kianglikana. Wewe unakusudia mtindo wa ujenzi ulioenea Ulaya katika karne ya 11 na 12: kuta nene, nguzo nene, na matao ya nusu duara yanayofuata mfano wa Warumi. Andika "mtindo wa Kiromaneski". Kwa Uingereza hata "Kinormani" inafaa, kwa kuwa Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066 ndio walioueneza huko.

Kuba ni paa la duara lililobinuka kama bakuli lililofudikizwa. Ukifika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani utaziona. Durham kuna kitu kingine, na ndicho kinacholipa kanisa hilo sifa yake: dari ya mawe inayoshikwa na mbavu zinazokatana mshazari. Itazame kutoka chini, penye zile nguzo za duara zilizochongwa zigizaga na maumbo ya almasi, ambazo kimo na mzingo wake vinalingana, takriban mita 6.6. Juu kabisa, matao yanayovuka ukumbi mkuu kutoka ukuta hadi ukuta yamechongoka. Tao la nusu duara kimo chake kinaamuliwa na upana wake; lililochongoka fundi anaweza kulipandisha au kulishusha bila kugusa upana. Mafundi wa Durham walilijua hilo kabla mtindo wa Kigothi, ule wa matao yaliyochongoka, haujaenea. Kwa hiyo usiandike "tao" tupu. Sema ni la nusu duara au lililochongoka, la sivyo msomaji atakosa jambo lenyewe.

Andika pia "mbavu za dari", si "mbavu za kanisa", ambazo kwa Mswahili ni pande zake za nje. Mafundi wa majahazi wana neno zuri la mbavu za chombo, mataruma, nami nalipenda mno, ila siku hizi wengi watafikiria reli.

La tatu ni kitenzi. "Lililojengwa mwaka 1093" inaonyesha kazi ya mwaka mmoja. Mwaka huo ujenzi ulianza, chini ya Askofu William wa St Calais. Mwili wa Mtakatifu Cuthbert, askofu wa karne ya 7, ulihamishiwa humo mwaka 1104, na dari ya ukumbi mkuu ikakamilika mwaka 1133. Andika: "lililoanza kujengwa mwaka 1093".