Jibu Lako Ni Sahihi na Umenyimwa Pointi? Anza na Swali

Juzi msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu wenye hasira. Kwenye chemsha bongo yao waliulizwa jangwa kubwa kuliko yote duniani. Akajibu Antaktika, mwendeshaji akasema ni Sahara, wenzake wakacheka mpaka basi. Anataka kujua afanye nini mtu akilikataa jibu ambalo yeye ana hakika nalo.

Ndugu msomaji, ulikuwa sahihi. Jangwa ni mahali pasipopata mvua wala theluji ya kutosha, pawe pa mchanga au pa barafu. Antaktika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 14, Sahara milioni 9 hivi. Sahara ndilo jangwa kubwa la joto, na hilo "la joto" aliyetunga swali hakuliandika. Maumivu yako nayajua vizuri mno.

Tulikuwa fainali. Timu yetu ilikuwa imetoka mbali, imezitoa timu ambazo watu walizipa nafasi kuliko sisi, na tulikuwa sare na wapinzani wetu huku maswali yamebaki machache. Likaja hili: nchi gani ya Afrika ina eneo kubwa kuliko zote? Jiografia kwenye timu ni yangu. Wenzangu hawakujadili hata kidogo, walinitazama tu, nikaandika Algeria. Mwendeshaji akafungua kitabu chake cha maswali, akasoma: Sudan.

Nilisimama. Nikaeleza kwa utulivu kwamba Sudan ilikuwa ya kwanza hadi tarehe 9 Julai 2011, siku Sudan Kusini ilipopata uhuru. Kwamba tangu hapo inayoongoza ni Algeria, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 2.38, ikifuatwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Sudan imeshuka hadi ya tatu. Nikamwomba atazame kitabu chake kilichapishwa mwaka gani. Akasema uamuzi wa mwendeshaji ndio wa mwisho, akasoma swali linalofuata. Tukafungwa kwa pointi moja. Ileile.

Kombe likaenda upande wa pili, picha zikapigwa. Watu walipoanza kutawanyika, mwendeshaji akanifuata pembeni, simu mkononi, akaniambia, "Ulikuwa sahihi." Nikamuuliza kama atayasema hayo mbele ya watu. Akajibu kwamba matokeo yameshatangazwa. Mimi naamini kosa la hadharani lirekebishwe hadharani, na sitabadili msimamo huo. Mtu asiyeweza kutamka "kitabu changu kimepitwa na wakati" asipewe kipaza sauti.

Tangu usiku ule nimekuwa nikikusanya maswali yanayozua ugomvi, na nimeona jambo moja likijirudia. Ni mara chache sana watu hugombana kwa sababu mmoja anajua na mwingine hajui. Mara nyingi swali limeachwa wazi, kila mmoja analijaza kwa kilichomo kichwani mwake, kisha wanapigania majibu ya maswali mawili tofauti. Kwa hiyo ukitaka kubishana ukashinda, bishana na swali kabla hujagusa jibu. Uliza: kwa kipimo gani? Kufikia mwaka gani? Kwa maana ipi?

Chukua mlima mrefu kuliko yote. Everest, mita 8,849 kutoka usawa wa bahari, kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020. Sawa. Lakini ukianza kupima kwenye kitako cha mlima chini ya bahari, Mauna Kea wa Hawaii unapindukia mita 9,000 na kuipita Everest. Na ukipima umbali wa kilele kutoka kiini cha dunia, anayeshinda ni Chimborazo wa Ekwado wenye mita 6,263 tu, kwa sababu dunia imetuna kwenye ikweta na mlima huo umekaa karibu kabisa na mstari wenyewe. Nimewahi kuona watu wazima wakinuniana kwa swali hili, na wote watatu walikuwa wanasema kweli.

Mwaka ndio mtego mbaya zaidi, maana vitabu vya maswali havizeeki kwa macho. Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006. India iliipita China kwa idadi ya watu mwaka 2023. Na sayari yenye miezi mingi? Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa Mshtarii, mwaka huohuo Zohali ikarudi kileleni, na Machi 2025 ikatangazwa miezi mipya 128 ya Zohali, jumla ikafika 274. Mtu aliyesoma gazeti la Februari 2023 na aliyesoma la Juni wangeweza kuapa, kila mmoja kwa jibu lake.

Halafu maana. Mwanamke wa kwanza kuwa rais Afrika: wengi watasema Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Ndiye wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, mwaka 2005. Ila nchini mwake, kabla yake, Ruth Perry aliongoza Baraza la Taifa na kuwa mkuu wa nchi mwaka 1996 hadi 1997. Ukisikia "rais" na "mkuu wa nchi" vinatumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, inua mkono. Vivyo hivyo kwa mji mkuu wa Afrika Kusini. Serikali iko Pretoria, Bunge liko Cape Town, Mahakama ya Juu ya Rufaa iko Bloemfontein, na yupo mwendeshaji mahali fulani anayekubali mmoja tu.

Inua mkono mapema, kabla swali linalofuata halijasomwa. Likishasomwa, umechelewa, hata uwe na ushahidi wa namna gani. Sema sababu moja, yenye mwaka au kipimo ndani yake, kisha omba pingamizi lako liandikwe. Usipige kelele. Kelele humpa mwamuzi kisingizio cha kukunyamazisha.

Na ndani ya timu yenu, tafadhali, msianze kwa kupeana majibu kwa mdomo. Anayetangulia kusema kwa sauti ya uhakika huwazoa wote. Kwenye timu yetu tuliwahi kuulizwa kweli au uongo: Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho ukiwa mwezini. Mmoja akatamka "kweli" kabla swali halijaisha, wengine wakaitikia, tukakosa. Nilipokusanya karatasi nikakuta dada yetu mmoja mkimya alikuwa ameandika "uongo" akafuta. Alijua! Alijua hata kwamba mwanaanga wa China, Yang Liwei, alirudi mwaka 2003 akasema hakuuona ukuta huo, naye alikuwa kwenye obiti tu, karibu mno kuliko mwezini. Siku hizi kila mmoja anaandika kwanza, ndipo tunafunua. Ujuzi wa mtu mpole ni ujuzi, na timu inayoukanyaga inastahili kufungwa.

Jambo jingine ni ushahidi wa simu. Kurasa nyingi zenye sentensi ileile si mashahidi wengi, zimenakiliana. Tafuta aliyepima au aliyetangaza mwenyewe: idara ya takwimu, taasisi ya wanaanga, shirikisho la mchezo husika. Hili nalisema kila mara na nitalisema tena, kwa sababu watu wanaonyesha kioo cha simu kama vile kimeshuka mbinguni.

Sasa ninapoitwa kuendesha chemsha bongo, maswali nayatunga mwenyewe na kila moja nalipitisha kwenye kipimo, mwaka na maana. Nani alivumbua simu, kwa mfano, siulizi tena. Atakayesema Alexander Graham Bell ana hoja, na atakayesema Antonio Meucci anayo pia, kwani mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuutambua mchango wake. Ninachouliza ni nani alipewa hataza ya simu, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, nchini Marekani tarehe 7 Machi 1876. Hapo jibu ni Bell, na hata mashabiki wa Meucci huliandika bila kubisha.