Kabla Hujanunua Kontroli Boksi, Pima Waya wa Athi

Jumapili iliyopita, saa mbili usiku, niliegesha gari nyumbani Tabata nikitokea Iringa. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,000. Nimepanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, nimekatiza Mikumi jua la saa saba mchana kiyoyozi kikipuliza, na kwenye dashibodi haikuwaka taa hata moja ya onyo. Nilizima injini nikabaki nimekaa, nimeshika usukani. Mke wangu akaniuliza mbona sishuki. Nilishindwa kumjibu, maana koo lilikuwa limenikaba.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, la mwaka 2002, lililoletwa kutoka Japani. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu niliyoyapata yanawapata wenye magari ya Ulaya ya chapa nyingi.

Kesho yake asubuhi nikakuta ujumbe wa kijana mmoja anayesoma ukurasa huu: "Shikamoo kaka. Nimepata gari ya Mjerumani, milioni nane na nusu, bodi safi, viti vya ngozi. Mwenye nayo anasema ina katatizo kadogo tu ka umeme. Nichukue?"

Katatizo kadogo tu ka umeme. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2019, nikiwa nimeshika pesa mkononi. Kwa hiyo mdogo wangu, nakujibu hapa hapa ili na wengine wasome.

Kwanza nakuelewa. Wewe na mimi ni wa aina moja. Unataka kufunga mlango ukasikia ule mlio mzito, unataka gari linalotulia barabarani kwenye mwendo, na unataka siku moja upite mtaani kwenu watu wajue umefika. Hakuna ubaya. Na usikubali kuambiwa kwamba magari ya Ulaya hayawezi barabara zetu. Kwenye mashindano ya kwanza ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, mwaka 1953, Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilikuwa miongoni mwa washindi. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda mbio hizo mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Baba yangu aliendesha Pijo 504 ya ofisi miaka mingi, na akiharibikiwa njiani alitengeneza kwa bisibisi na kipande cha msasa.

Tofauti ni kwamba Pijo ya baba ilikuwa na nyaya chache unazoweza kuzihesabu. Swichi ya taa ilipeleka moto kwenye taa, basi. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mfumo wa kuyafanya maboksi ya umeme ndani ya gari, yale mafundi wanayoyaita kontroli boksi, yazungumze kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, badala ya kila kitu kuvutiwa waya wake. Ulikuwa ufumbuzi wa akili nyingi, na kufikia miaka ya 2000 magari ya Ulaya yalikuwa yamejaa maboksi hayo: la injini, la gia, la breki, la milango, la viti. Ukibonyeza kitufe cha kioo leo, kitufe hakipeleki moto kwenye mota. Kinapeleka ombi kwa boksi, boksi ndilo linaamua.

Sasa boksi likikosa umeme wa kutosha, halizimi kimya kimya kama balbu. Linaanza kusema uongo. Linamwambia jirani yake kwamba breki zina hitilafu, jirani anamwambia wa gia ajilinde, wa gia anaganda kwenye gia moja, na wewe dereva unaona taa tano zimewaka kwa pamoja. Unadhani gari zima limekufa. Kumbe kuna nati moja imeshika kutu.

Hilo nimelijua kwa gharama. Ngoja nikueleze.

Aprili 2021 mdogo wangu wa kike alikuwa na sendofu yake Morogoro. Mimi ndiye kaka mkubwa, nami ndiye niliyepewa kumbeba mama, shangazi na keki. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Tumepita Chalinze kidogo, dashibodi ikawaka yote, gia ikaganda, gari likawa linavuta kama limefungwa gogo. Nikasogea pembeni. Nilipozima ili nijaribu upya, stata ikatoa tik, tik, tik, na taa zikafifia.

Dereva wa lori akasimama, mtu mwema kabisa, akaleta nyaya tubusti betri. Mimi kwa haraka yangu sikuuliza kitu. Malori yanatumia volti 24, gari dogo linatumia 12. Redio ikatoa moshi na balbu za mbele zikaungua papo hapo. Mama akashuka akasimama kwenye mvua na kitenge kichwani, akaniambia, "Mwanangu, basi, usihangaike." Tulipata Noah ya abiria baada ya karibu saa mbili. Tulifika ukumbini mshereheshaji anashukuru wageni. Mdogo wangu alikata keki ya kuazima.

Baba mdogo alinivuta pembeni mbele ya wakwe zetu watarajiwa. Akasema, "Hiyo hela ungenunua IST ungekuwa umeshafika, umeshakula." Watu walicheka. Miaka imepita na bado nalisikia lile cheko. Siandiki haya kumlaumu mzee wangu, naandika kwa sababu najua wengi wenu mmelisikia cheko la aina hiyo, na mtu aliyeaibika hufanya maamuzi mabaya. Mimi niliapa kwamba gari lile litatengenezwa kwa bei yoyote. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko pale barabarani.

Nililivuta hadi gereji moja hapa Dar. Fundi akachomeka mashine ya kupimia, ikatoa orodha ya makosa 19. Akaitazama kidogo akasema, "Bosi, kontroli boksi imekufa." Nikanunua ya mtumba, shilingi 650,000. Gari likaenda siku nne. Nikarudi. "Hiyo nayo ilikuwa mbovu, tutafute nyingine." Nikanunua ya pili. Kisha alteneta, ile inayochaji betri. Kisha sensa ya gia. Kisha boksi la tatu. Jumla ilifika milioni tatu na laki nne, na ndani yake kulikuwa na milioni moja na laki mbili za upatu wa mke wangu, ambazo nilimwomba kwa wiki mbili tu. Alikuwa amepanga kufungua duka la vitenge.

Karatasi ya ile orodha ya makosa ninayo mpaka leo. Kati ya yale 19, kumi na moja yalikuwa yanasema jambo moja: volti ndogo. Mashine ilishasema. Hakuna aliyeisoma, wala mimi sikujua kwamba ni ya kusomwa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, anafanya kazi chini ya mwembe, hana mashine ya kompyuta. Ana maltimita ya mkono, yaani mita ya kupimia umeme, na testa. Hakugusa boksi hata moja kwanza. Alipima betri gari likiwa limezimwa: volti 12.6, nzima. Akawasha, akapima kwenye alteneta: 14.2, inachaji vizuri. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na ncha nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Mita ikaonyesha volti 1.8.

"Hapa palitakiwa pawe karibu na sifuri," akasema. "Hata ukipiga stata isizidi nusu volti. Umeme wako unapotelea hapa."

Waya wa athi, ule unaofunga injini na bodi kwenye hasi ya betri, ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ngozi yake. Kwa nje ulionekana mzima. Mpya uligharimu shilingi 35,000.

Nimeandika bei hiyo na bado mkono unanitetemeka.

Hakuishia hapo. Akafunua zulia upande wa dereva, na chini yake sponji ilikuwa imeloa kama dekio. Boksi la milango na vioo limekaa pale pale, kwenye maji, pini zake zimeota kutu ya kijani. Maji yalitoka wapi? Mimi huegesha chini ya mwarobaini. Majani yake yalikuwa yamejaa chini ya waipa na kuziba matundu ya kutolea maji ya mvua, maji yakakosa njia yakaingia ndani. Kwa hiyo masika yote mawili nilikuwa nalimwagilia boksi bila kujua. Tukalikausha, tukasafisha pini kwa spirti na mswaki, matundu tukayazibua. Lile boksi la milango ndilo lile lile linalofanya kazi hadi leo, halikubadilishwa.

Lilibaki tatizo moja: gari likilala kuanzia Ijumaa jioni, Jumatatu haliwaki. Mzee akasema magari haya hayalali mara unapofunga mlango. Maboksi husinzia polepole, mengine huchukua hata nusu saa. Tukasubiri saa nzima ndipo akapima. Gari lililolala vizuri hunywa chini ya miliampea 50. Langu lilikuwa linakunywa karibu ampea nzima, 0.9. Piga hesabu mwenyewe: saa 60 za wikiendi mara 0.9 ni ampea-saa 54, na betri yangu ni ya ampea-saa 70. Itawasha nini? Hakuchomoa fyuzi ovyo, maana ukichomoa na kurudisha unayaamsha maboksi tena. Alipima volti juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake, na ile iliyoonyesha kitu ndiyo iliyokuwa inapitisha umeme. Ikatupeleka kwenye mlango wa dereva, ndani ya ule mpira unaokunjika kila ukifungua. Nyaya mbili zilikuwa zimekatika. Gari lilikuwa linaamini usiku kucha kwamba mlango uko wazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nitaurudia: pima kwanza. Nunua maltimita, hata ya bei ya chini, na ujifunze namba tatu tu: volti 12.6 likiwa limezimwa, kama 14 likiwa linanguruma, na karibu na sifuri kati ya hasi na injini, isizidi nusu volti stata ikipigwa. Fundi akikuambia kontroli boksi imekufa, muulize amepima umeme na athi inayoingia kwenye hilo boksi? Kama hajapima, usitoe hela. Pima kwanza.

Na nyinyi ndugu zangu mafundi, nawaheshimu, ndiyo kazi inayowalisha watoto wenu. Lakini mashine inasema boksi linalalamika, haisemi boksi limekufa. Mtu akikulalamikia njaa humpeleki makaburini. Mteja anayekuletea gari ameacha ada ya shule nyumbani. Soma orodha yote. Funua zulia. Pima.

Wenye magari nao tuache haraka. Usiruhusu mtu achubue waya na kuunga kwa gundi ya nailoni ili tu ufike harusini. Zile nyaya mbili zilizosokotwa ambazo maboksi huzungumzia, ukizichokonoa na testa ya balbu unaweza kuua ulichokuwa hujakiua. Na mweleze mwenzako nyumbani bei halisi ya kila kitu. Mke wangu hakuumizwa na hela kama alivyoumizwa na kufichwa. Duka amefungua mwaka jana, na hela yake nilimrudishia kidogo kidogo, lakini zile wiki mbili zilikuwa miezi kumi na tisa.

Kuna kitu kimoja cha kuongeza kwa wanaotazama Mercedes za mwanzoni hadi katikati ya miaka ya 1990. Nyingi zilitoka na nyaya za injini ambazo ngozi yake haikuvumilia joto. Fungua boneti, kunja waya taratibu. Ukipukutika kama ganda la karanga, hesabu bei ya kubadili nyaya zote kabla hujataja bei ya gari.

Sasa wewe mdogo wangu. Marahaba. Jumamosi nina nafasi, tutakwenda wote kuliona. Mpigie mwenye gari, mwambie asiliwashe asubuhi hiyo mpaka tufike, nataka kulikuta la baridi, na tuone kama taa zote za onyo zinawaka ufunguo ukizungushwa kisha zinazimika, maana kuna watu huzing'oa balbu. Asilioshe wala asilianike milango wazi. Nitanusa zulia kwanza. Wewe njoo na tochi, maltimita ninayo.