Mashine ya springi: angalia oda na waya kabla ya mfumo wa kuiendesha

Wauzaji wa mashine za kukunja springi hupenda kuanza na idadi ya mihimili, yaani miendo ambayo mashine huiendesha kila mmoja peke yake. Mimi nimefanya kazi na za kamu (visahani vyenye umbo maalumu vinavyozunguka na kusukuma sehemu za mashine) na za CNC (zinazoendeshwa na kompyuta), na huanza kwingine: oda zako zikoje, na waya wako ukoje?

Kama unatoa springi ileile miezi nenda miezi rudi, usidharau kamu. Zikishasetiwa vizuri hurudia mwendo uleule bila kuchoka, na hitilafu yake fundi huiona kwa macho. Tabu huja unapobadilisha kazi: fungua kamu, badili gia, kaza, jaribu, pima, rudia. Mwenye oda ndogondogo atapoteza siku nzima hapo. Huyo anahitaji servo, yaani mota zinazodhibitiwa na kompyuta, ambapo kulisha waya, kipenyo, nafasi kati ya mizunguko na kukata, kila kimoja kina mota yake, na seti nzima inakaa kwenye programu.

Ila servo peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hulia. Mota inaweza kusimama palepale kila mara, springi zikatoka tofauti, kwa sababu waya wenyewe haulingani mwanzo hadi mwisho wa koili (bunda la waya). Ugumu wa springi hufuata kipenyo cha waya kwa kipeo cha nne: waya wa milimita 2 ukizidi kwa milimita 0.02 tu, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 4. Kisha kila waya hurudi kidogo baada ya kukunjwa, na haurudi kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo ningeacha mhimili mmoja ili nipate kihisi kinachopima urefu wa kila springi kabla haijakatwa, na mfumo unaosahihisha inayofuata wenyewe.

Kihisi nacho hakioni tanuri, ambamo springi hupashwa moto baada ya kukunjwa. Springi za waya wa chuma chenye kaboni hupungua kipenyo zikipashwa moto, za chuma kisichoshika kutu hutanuka. Lengo unaloingiza kwenye programu lizingatie hilo.

PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine) ya kawaida inatosha kwa maumbo mepesi, na vipuri vyake hupatikana kirahisi. Mfumo uliofungwa na mtengenezaji mmoja ni mtamu hadi kadi yake ya umeme iungue; uliza mapema kama programu zako unaweza kuzinakili nje ya mashine.

Kabla ya kulipa, peleka koili yako mwenyewe. Zikatwe springi 200 mfululizo bila mtu kugusa kitu, uzipime kwa mpangilio zilivyotoka. Urefu ukisogea polepole upande mmoja, mfumo hausahihishi.