Mandela alifungwa kwa uhaini? Wakili anajibu

Swali: Wakili habari, mi sio mwanasheria ila nimebishana sana na jamaa kijiweni. Wanasema Mandela alipigwa maisha kwa uhaini, nikawauliza kama ni uhaini mbona hakunyongwa, kimya. Halafu ile hotuba yake ya mahakamani, ilikuwaje aongee karibu masaa matatu bila upande wa mashtaka kumuuliza hata swali moja? Na mbona hakukata rufaa?

Jibu: Nzuri mkuu. Jamaa zako wamechanganya kesi mbili, ila siwalaumu, hata mawakili wenzangu nimeshawasikia wakisema hivyohivyo. Uhaini alishtakiwa kweli na akashinda. Hiyo ilianza Desemba 1956, watu 156 wakabebwa, kesi ikaburuzwa mpaka Machi 1961 ndo kundi la mwisho likaachiwa na yeye akiwemo, majaji wakasema serikali haijathibitisha kwamba sera ya ANC, chama chake Mandela, ilikuwa kuiangusha serikali kwa nguvu. Miaka zaidi ya minne, makaratasi kibao, wakatoka patupu. Shika hapo manake mzizi wa jibu lako uko hapo.

Kesi iliyompa maisha ni ya Rivonia (jina la eneo karibu na Johannesburg walikokamatwa wenzake), 1963 hadi 1964, na kosa lilikuwa hujuma. Usichanganye na uhujumu uchumi wetu huu wa nyara za serikali na fedha za umma, wao walikuwa wanaongelea kulipua nguzo za umeme na ofisi za serikali. Sheria yenyewe ilikuwa mbichi kabisa, ya 1962, na ukiisoma unaona waliitunga wakiwa na uchungu wa ile kesi waliyoshindwa. Uhaini ulikuwa na masharti magumu ya ushahidi, kila kitendo kilitakiwa mashahidi wawili, tena kuna uchunguzi wa awali ambapo utetezi unauona ushahidi mapema na kujipanga. Kwenye hujuma hayo yote hamna, unapelekwa moja kwa moja mbele ya jaji, na ukishaonekana umeharibu mali basi mzigo unageuka, ni wewe sasa uthibitishe kwamba hukuwa na nia ile inayotajwa kwenye sheria. Adhabu ni miaka isiyopungua 5, na juu kabisa ni kitanzi. Kwa hiyo hapo na wewe umeteleza kidogo, kunyongwa kulikuwa mezani hata bila neno uhaini.

Sasa utamu uko kwa jaji, Quartus de Wet. Tarehe 12 Juni 1964 alisema kosa hili kiini chake ni uhaini, ila serikali yenyewe imeamua kutowashtaki hivyo, na kwa kuzingatia hilo hatatoa adhabu ya juu kabisa. Yaani njia ya mkato aliyopita mwendesha mashtaka Percy Yutar ndo ilimpa jaji mlango wa kutokea! Siku tatu tu nyuma Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetaka kesi hiyo ikomeshwe, na mi siamini kama jaji hakuwa anasikia kelele za nje, ila kilichoandikwa kwenye hukumu ni hicho nilichokwambia.

Huyo Yutar hati yake ya kwanza ya mashtaka ilikuwa aibu. Mandela alikamatwa tarehe 5 Agosti 1962 akapewa miaka 5, mitatu kwa kuchochea mgomo na miwili kwa kutoka nchini bila pasipoti (safari hiyo ndo alitua Mbeya akaenda Dar kuonana na Nyerere, Tanganyika ina mwezi mmoja tu wa uhuru), halafu hati ikamtuhumu kwa matendo ya kipindi ambacho alikuwa tayari yuko ndani. Jaji akaitupa Oktoba 1963. Wakakamatwa upya hapohapo kizimbani.

Kuhusu hotuba, ile ya tarehe 20 Aprili 1964 haikuwa ushahidi, yalikuwa maelezo ya kizimbani bila kiapo, na asiyekula kiapo haulizwi maswali ya dodoso. Kenya mpaka leo sheria yao inaruhusu hiyo kitu. Gharama yake ni kwamba maneno yako yanakuwa na uzito mdogo kuliko ya aliyeapa, ndo maana Walter Sisulu, mshtakiwa mwenzake, aliapa akakaangwa na Yutar siku kadhaa ili utetezi uwe na ushahidi wa maana. Mandela yeye alikubali wazi kwamba alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, jambo ambalo wakili yeyote likitoka mdomoni kwa mteja wake anashika kichwa. George Bizos, mmoja wa mawakili wao, ndo alimshauri aongeze neno "ikibidi" pale anaposema yuko tayari kufa, asije akaonekana anakiomba kitanzi.

Rufaa walishakubaliana Mandela, Sisulu na mshtakiwa mwenzao Govan Mbeki kabla hata ya adhabu kwamba hata wakipewa kifo hawakati, wasije wakaonekana wanaomba huruma. Mimi ningewapigia magoti wakate. Labda ndo maana hawakunihitaji mimi.