Video ya mwanangu inazunguka kwenye grupu la tuisheni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, na ana kigugumizi tangu utotoni. Mwezi uliopita mwenzake alimrekodi tuisheni akikwama kusoma, akairusha video kwenye grupu la WhatsApp. Wakatengeneza na stika ya uso wake. Sasa kila Jumamosi tumbo linamuuma, na ameanza kukojoa kitandani. Nimemnyang'anya simu nikafuta kila kitu. Baba yake anasema ajikaze, ni mtoto wa kiume. Nifanyeje?
Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Tumbo hilo linauma kweli, usidhani anadeka. Hofu ikikosa pa kusemewa huingia mwilini, na kijana wa umri huo kurudia kukojoa kitandani ni dalili ya kushtua. Usimgombeze kwa shuka.

Hilo neno "jikaze" nalijua kwa uchungu. Nilipokuwa mwalimu wa malezi Temeke, alinijia kijana wa kidato cha pili ambaye wenzake walimwita kwa jina la mguu wake wenye ulemavu. Nikamwambia ajikaze, watachoka wenyewe. Hakurudi tena ofisini kwangu, nami nikaamini yamekwisha. Muhula uliofuata akaacha shule. Mama yake ndiye aliyenieleza: kumbe kila asubuhi alivaa sare, akaaga, akaenda kushinda Feri akitazama boti mpaka saa ya wenzake kutoka. Mpaka leo nikipita Kivukoni namkumbuka.

Kwa hiyo simu mrudishie, leo hii. Aliyerekodiwa kanyang'anywa, aliyerekodi anatembea na yake mfukoni! Kesho akitumiwa jambo baya zaidi hatakwambia, maana ameshaona kwamba akisema anapokonywa. Mwambie kwa kinywa chako kwamba hana kosa, na kwamba ulikosea kuichukua.

Ulichofuta bado kipo kwenye simu za wenzake. Mwombe mzazi unayemwamini, ambaye mwanawe yumo humo, akupatie skrinshoti zinazoonyesha nani alituma na tarehe gani. Grupu liripotini ndani ya WhatsApp yenyewe. Kisha nenda kwa mwenye tuisheni, na mzazi wa aliyerekodi naye aitwe. Usimvizie yule mtoto njiani kumfokea. Naye ni mtoto. (Ingekuwa picha ya utupu, ningekwambia usiitume kwa yeyote, hata kwa mwalimu, uende polisi moja kwa moja.)

Wakikuzungusha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni utani wa watoto.

Kitanda kikiendelea kulowa, mpeleke hospitali. Akitamka kwamba heri afe, usisubiri kupambazuke: mpeleke usiku huohuo, na asiachwe peke yake.

Jumamosi hii asiende tuisheni. Baba yake akae naye barazani amsikilize, aseme anavyoweza. Kigugumizi kikimkamata, asimmalizie neno. Amngojee.