Makao ya waliokimbia kipigo: anzeni na milango

SWALI: Tumekodi nyumba Kayole iwe makao ya muda ya kina mama na watoto waliokimbia kipigo. Ina vyumba sita, korido ya mita 12, milango ya chuma na paa la mabati. Mfadhili angependa tuanze na rangi na michoro ukutani. Wewe waonaje? – Mama Mlezi, Nairobi

JIBU: Mama, rangi ingoje. Aliyezoea kufungiwa ndani hapati usingizi kwa kuchorewa maua. Hulala akijua mlango anaufunga mwenyewe, na hakuna wa kumfungia kutoka nje.

Kwa hiyo fundi ang'oe kwanza vile vyuma vya kutilia kufuli kwa nje, ambavyo nyumba nyingi za kupangisha hapa mjini zinavyo. Atie kitasa kinachozungushwa kwa vidole upande wa ndani, na kufunguliwa kwa ufunguo upande wa nje. Ufunguo wa akiba akae nao msimamizi mmoja. Komeo la kusukuma lisiwepo: mtu akizirai, au mtoto akijifungia, mtalazimika kuvunja mlango, na kishindo hicho ndicho walichokikimbia. Mlango wa choo ufungukie nje, maana aliyeanguka nyuma yake huuzuia.

Kisha kelele. Chuma kikibamizwa na upepo, nyumba nzima hushtuka. Bandikeni utepe wa mpira kuzunguka kila fremu. Geti nalo watu hulipiga kwa jiwe. Wekeni kengele inayolia kwa askari pekee. Na mvua ya Aprili juu ya mabati matupu ni adhabu kwa mtoto mwenye hofu, basi siling bodi ianzie chumba cha watoto, na sufi ya kuzuia sauti juu yake.

Koridoni, balbu moja kali huacha ncha mbili gizani. Tumieni nne hafifu za manjano, mita tatu kati yake, ya kwanza mita moja na nusu kutoka ukutani. Mbili ziwe za kuchaji, stima zikipotea.

Grili za madirisha zibaki, ila katika kila chumba moja iwe na bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Moto ukizuka mlangoni, hiyo ndiyo njia.

Lakini kabla fundi hajagusa chochote, zungukeni nyumba na wakaaji, mmoja mmoja, mchana na tena usiku. Msiwaulize yaliyowapata. Ulizeni: ni wapi hapa hupendi kupita? Ni sauti gani hukuamsha? Wakisema tofauti na nilivyoandika, fuateni lao. Rangi pia waichague wao.