Barua kwa mwanangu: mifupa ina wenyewe

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Unauliza uchukue akiolojia au usomee mifupa ya binadamu, halafu unauliza kama kazi hiyo si kuwasumbua marehemu, maana bibi yako amekwisha kukwambia ni laana.

Kwenye kuchagua sioni ugomvi mkubwa. Mwanaakiolojia anasoma shimo: udongo, mkaa, vigae, kila kitu kilivyokaa. Wa mifupa anamsoma mtu: umri wake, maradhi yake, alichokula. Wanahitajiana. Pale kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi, Kenya, wachimbaji walikuta mifupa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Hawakuichomoa. Walilizungushia plasta bonge zima la udongo, likaenda makumbusho Nairobi, kisha Burgos, Hispania. Huko wakagundua ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kalala ubavu, magoti kayakunja kifuani. Kichwa kilikuwa kimeinama kana kwamba kilikuwa na mto chini yake, ukaoza. Kuna mtu alimwekea mtoto mto, Neema! Wangenyofoa fuvu peke yake tusingelijua hilo. Wakamwita Mtoto, na mimi nimelipenda jina hilo kuliko namba wanazopewa marehemu kwenye makabati ya makumbusho.

Sasa bibi. Ana haki ya kuogopa. Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, na viongozi wenzake hapa Old Moshi, na mafuvu ya watu wetu yakaishia Berlin. Mwaka 2023 watafiti wa hukohuko walilinganisha vinasaba vya mafuvu na vya koo zilizobaki huku, wakampata Akida Sindato Kiwelu, mshauri wa Meli. Ukoo wa Meli nao ulipimwa, wakaambulia patupu. Kwa hiyo taaluma ileile iliyobeba vichwa vya watu ndiyo iliyomrudishia Kiwelu jina lake, ila safari hii ndugu waliulizwa kwanza.

Lakini habari ya laana, mwulize bibi kwa adabu: Wachagga wa zamani si walikuwa wakifukua wenyewe? Kaburi likishakaa, fuvu lilitolewa na kuwekwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, penye masale, mmea tunaouheshimu, karibu na watoto wake. Kufukua kulikuwa na mwenyewe na utaratibu wake. Kilichotuuma sisi ni kichwa kutolewa kihambani bila ruhusa na kuwekwa kabatini ng'ambo.

Basi nenda kasome, na uchague akiolojia. Mifupa utaifuata kwenye shahada ya pili. Ukipelekwa uwandani, hodi kwa wazee wa mahali inatangulia jembe, hata kama kibali cha serikali unacho mfukoni. Wakikataa, rudi.

Ada ya fomu nitaituma Ijumaa. Na bibi mwambie wewe mwenyewe, usimwachie shangazi yako, unamjua alivyo na chumvi.

Mama yako